Kabla Hujalipa Kilemba: Namna ya Kuchunguza Tawi la Franchaizi Linalouzwa Dar es Salaam

Tangazo hufika kwa WhatsApp: mgahawa unauzwa, jina kubwa, eneo zuri Mikocheni, vifaa vyote vipo, wafanyakazi wapo, mwenyewe anahama nchi. Chini kuna bei na namba ya dalali. Ukienda kuangalia unakuta vijana wamevaa sare, kuku wananukia, foleni ipo. Ni rahisi kuamini kwamba kazi ngumu imeshamalizika na kilichobaki ni kulipa.

Katika franchaizi unaendesha duka lako kwa jina, mapishi na taratibu za kampuni nyingine, nawe unailipa ada ya kuingia, kisha mrabaha, yaani asilimia fulani ya mauzo yako, kila mwezi. Anayekuuzia tawi anaweza kukuuzia majiko, mafriji, shehena ya stoo na muda uliobaki wa pango. Jina lililo juu ya mlango si lake. Ana ruhusa ya kulitumia, na ruhusa hiyo ina masharti na tarehe ya mwisho. Ndiyo maana nasisitiza mpangilio huu: chunguza ruhusa ya jina kwanza, halafu fedha, halafu eneo, halafu madeni. Wanunuzi wengi huanza na vifaa kwa sababu vinaonekana. Jiko lililochakaa utanunua lingine, lakini ruhusa iliyobakiza miezi 14 hainunuliki popote.

Jipe wiki sita hadi nane. Muuzaji akikuambia kuna mteja mwingine analipa Ijumaa, mwache huyo mteja alipe.

Hatua ya kwanza: zungumza na mwenye jina

Tanzania haina sheria mahususi ya franchaizi. Uhusiano kati ya mwenye jina na mwenye tawi unaongozwa na mkataba wao, chini ya Sheria ya Mikataba. Nchini Marekani kampuni inayouza franchaizi inalazimika kumpa mnunuzi waraka wa taarifa angalau siku 14 kabla hajasaini wala kulipa chochote. Hapa hakuna anayelazimika kukupa waraka wa aina hiyo, kwa hiyo usipouliza hutaambiwa. Jina likiwa la Kimarekani, omba waraka huo hata kama umeandikwa kwa ajili ya soko la kwao. Humo utakuta orodha ya ada zote, kesi ambazo kampuni inahusika nazo, na idadi ya matawi yaliyofunguliwa na kufungwa katika miaka ya karibuni. Matawi yanayofungwa mengi kuliko yanayofunguliwa ni habari ambayo dalali hatakupa.

Mwombe muuzaji barua fupi inayomruhusu mwenye jina kuzungumza nawe kuhusu tawi lake. Akisita, muulize sababu. Mara nyingi anahofia wafanyakazi wakisikia wataondoka, na hofu hiyo ni halali. Saini naye makubaliano ya kutunza siri, kisha muendelee. Akikataa kabisa, hapo ndipo pa kusimama, kwa sababu karibu kila mkataba wa franchaizi hauruhusu tawi kuhamishwa bila idhini ya maandishi ya mwenye jina. Ukinunua kimyakimya, kampuni inaweza kuvunja mkataba na kukuamuru ushushe bango.

Ukipata mkataba wenyewe, usome na wakili, ukitafuta haya. Imebaki miaka mingapi, na kuongeza muda ni haki au ni hisani? Wewe utarithi mkataba wa sasa, au utasaini mpya wenye mrabaha mkubwa zaidi? Ada ya uhamisho ni kiasi gani na anailipa nani? Mwenye jina ana haki ya kulinunua tawi kabla yako kwa bei ile ile mliyokubaliana? Haki hiyo ikiwepo, utagharamia uhakiki wote halafu yeye aje achukue mwishoni, kwa hiyo dai mapema barua yake ya kuiachilia haki hiyo. Je, mkataba unalinda eneo, au kesho tawi lingine la jina hilo hilo linaweza kufunguliwa mtaa wa pili?

Kuna kipengele kimoja kinachoumiza wanunuzi kuliko vyote: ukarabati wa lazima. Mikataba mingi humtaka mwenye tawi abadilishe mwonekano wa duka kila baada ya miaka kadhaa, au pale linapobadilisha mwenyewe. Rangi, viti, taa, mabango, mara nyingine na mashine, vyote kutoka kwa wasambazaji walioidhinishwa, vingine vikiagizwa nje kwa dola. Mtu anaweza kuuza tawi kwa sababu hiyo tu: barua ya ukarabati imemfikia na hataki kuigharamia. Omba kuona barua zote za ukaguzi na za onyo ambazo mwenye jina amemwandikia katika miaka 2 au 3 iliyopita.

Chunguza pia mlolongo wa ruhusa. Majina mengi ya nje huingia Afrika kwa kampuni moja kupewa haki za nchi nzima au kanda, nayo ikatoa matawi kwa wengine. Anayekupokea Dar anaweza kuwa huyo wa katikati. Omba uthibitisho kwamba haki yake bado hai, na ujue tawi lako litakuwa mikononi mwa nani akinyang'anywa. Kisha fanya upekuzi wa alama ya biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Usajili wa alama Tanzania Bara hudumu miaka 7 kwanza, halafu huongezwa kwa vipindi vya miaka 10, na hauilindi alama hiyo Zanzibar, ambako usajili ni wa peke yake. Jina lisilosajiliwa hapa ni jina ambalo jirani yako anaweza kuliiga na wewe ukakosa pa kushika.

Mwisho wa hatua hii, watafute wenye matawi wengine, hasa walioacha. Waulize swali moja: malighafi za lazima zinafika kwa wakati na kwa bei gani ukilinganisha na sokoni?

Hatua ya pili: mauzo ya kweli

Hapa ndipo nataka utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote.

Anza kwa kuomba miezi 24, au isiyopungua 12, ya ripoti za Z (muhtasari wa mauzo ya kila siku) za mashine ya EFD ya kutolea risiti, taarifa za benki, taarifa za lipa namba za mitandao yote, ritani za VAT (kodi ya ongezeko la thamani) zilizowasilishwa TRA, na ripoti za mauzo ambazo mwenye jina anazipokea ili kukokotoa mrabaha. Weka namba hizo kwenye jedwali moja, mwezi kwa mwezi. Mauzo ya mwezi mmoja yanapaswa kukaribiana kote. Yakitofautiana, tofauti hiyo ina maelezo, na maelezo hayo ndiyo unayoyatafuta.

Mara nyingi utaambiwa kwa sauti ya chini, "Bosi, mauzo halisi ni makubwa kuliko haya, mengine hatutoi risiti." Usilipie mauzo hayo hata shilingi moja. Kwanza huna njia ya kuyathibitisha. Pili, kama ni kweli, basi tawi limekwepa VAT na kodi ya mapato, na limemdanganya mwenye jina katika mrabaha, kosa ambalo kwa kawaida linatosha kuvunja mkataba. Mtu anayekuambia hivyo anakuonyesha deni, huku akitaka umlipe kana kwamba ni faida.

Baada ya vitabu, toka nje ya vitabu. Kila biashara huacha alama mahali ambapo muuzaji hawezi kuhariri. Katika mgahawa, boksi la chakula ni shahidi mzuri, maana kwa kawaida lazima linunuliwe kwa msambazaji aliyeidhinishwa. Chukua ankara za maboksi, ongeza yaliyokuwepo stoo mwanzo wa kipindi, toa yaliyobaki. Tuseme yametumika 4,000 kwa mwezi na wastani wa oda moja ni shilingi 12,000: mauzo ni kama milioni 48, hata kama muuzaji anasema 60. Fanya hivyo kwa kuku, mafuta ya kukaangia na unga. Angalia manunuzi ya LUKU mwezi kwa mwezi pamoja na ankara za DAWASA na za gesi. Mauzo yaliyopanda ghafla katika miezi mitatu kabla ya tangazo, huku umeme na mafuta vikibaki pale pale, hayakupanda.

Halafu nenda ukahesabu watu. Kaa ng'ambo ya barabara ukiwa na daftari, Jumanne mchana na Jumamosi jioni, mara moja kati ya tarehe 25 na tarehe 5 wakati mishahara imetoka, na tena katikati ya mwezi mifuko inapokuwa mikavu. Mwezi wa Ramadhani hubadilisha kabisa mauzo ya mchana katika jiji hili, na mvua za masika kati ya Machi na Mei hupunguza wapita njia, kwa hiyo wiki mbili za mauzo mazuri hazisemi lolote kuhusu mwaka.

Sasa VAT, ambayo wauzaji huisahau kwa urahisi. Mtu anaposema "tunauza milioni 60 kwa mwezi," uliza kama hiyo ni fedha iliyoingia kaunta. Kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 18, na biashara inalazimika kusajiliwa mauzo yake yakifika shilingi milioni 200 kwa mwaka. Milioni 60 ikiwa na VAT ndani, ukiigawa kwa 1.18 mauzo yako halisi ni kama milioni 50.8. Iliyobaki ni ya serikali.

Tazama inavyobadilisha picha, kwa mfano wa kubuni, gharama zikiwa hazina VAT. Kwa mauzo ya milioni 60: malighafi asilimia 38 ni milioni 22.8, mrabaha na mchango wa matangazo, jumla asilimia 9, ni milioni 5.4, vifungashio asilimia 5 ni milioni 3. Mishahara milioni 9, pango milioni 6, umeme, gesi na maji milioni 5, mengineyo milioni 3.3. Inabaki milioni 5.5. Rudia hesabu kwa milioni 50.8, ukiacha mishahara, pango, nishati na mengineyo kama yalivyo kwa sababu havishuki mauzo yakishuka: inabaki kama milioni 1.1. Hapo bado hujajilipa mshahara, hujalipa mkopo wala kodi ya mapato. Jina ni lile lile, foleni ni ile ile, ila mtu aliyelipa kwa kuamini hesabu ya kwanza amenunua biashara isiyomlisha.

Kumbuka mrabaha hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida, kwa hiyo utaulipa hata mwezi wa hasara. Na malipo ya mrabaha yana kodi ya zuio ya asilimia 15, ambayo anayelipa huikata na kuiwasilisha TRA. Soma mkataba uone nani anaibeba. Ukikuta mwenye jina anatakiwa apokee kiasi kamili bila makato, kodi hiyo ni yako, na mrabaha wa asilimia 6 unakugharimu zaidi ya asilimia 7.

Hesabu hizi apitie mhasibu aliyesajiliwa NBAA, bodi ya wahasibu, asiyejuana na muuzaji. Ada yake itakuuma, lakini ni sehemu ndogo sana ya bei ya tawi.

Hatua ya tatu: fremu, mwenye nyumba na barabara

Kilemba ni neno linaloficha mengi. Unapolipa kilemba kwa mpangaji anayeondoka, unamlipa kwa ajili ya nafasi ambayo mwenye nyumba ndiye mwenye mamlaka nayo. Kwa hiyo kaa na mwenye nyumba mwenyewe, si mwanawe wala msimamizi, umuulize: anakubali mkataba uhamie kwako? Umebaki muda gani? Kodi itapanda lini na kwa kiasi gani? Kuna malimbikizo? Fanya upekuzi wa hati ardhi ujue kama kweli jengo ni lake na kama liko rehani benki. Nyumba za urithi zina mgogoro wake: leo unasaini na kaka mkubwa, kesho dada zake wanakuja na barua ya mahakama. Omba kuona hati ya usimamizi wa mirathi.

Linganisha tarehe mbili: mwisho wa pango na mwisho wa ruhusa ya jina. Pango likiisha mwaka 2027 na ruhusa ikiisha 2032, utabaki na jina bila duka, na mwenye nyumba atakapojua hivyo atapandisha kodi anavyotaka.

Angalia pia kama mpangaji amekuwa akizuia asilimia 10 ya kodi ya pango na kuiwasilisha TRA, jambo linalosahauliwa mno. Na kama mkataba wa pango, au bei ya tawi lenyewe, imeandikwa kwa dola, fahamu kwamba kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Dai iandikwe kwa shilingi.

Kisha tazama barabara, kwa sababu Dar inahamisha wateja. Stendi ya mabasi ya mikoani ilipohama kutoka Ubungo kwenda Mbezi Luis mwaka 2021, biashara zilizowategemea abiria zilibaki zikitazama barabara. Ujenzi wa njia za mwendokasi nao hufunga maegesho na kukata njia za kuvukia kwa muda mrefu. Mteja wa chakula cha haraka akishindwa kuegesha gari anaendelea na safari. Tembea mita mia tano kila upande. Uliza ofisi ya serikali ya mtaa kama kuna mradi unaokuja. Tafuta alama ya X kwenye kuta za jirani, na thibitisha kwa wakala wa barabara, TANROADS au TARURA, kwamba baraza na maegesho hayako kwenye hifadhi ya barabara.

Hatua ya nne: kununua kampuni au kununua mali

Njia ni mbili. Unaweza kununua hisa za kampuni inayomiliki tawi, au ukanunua mali na mikataba ya tawi ukaiweka kwenye kampuni yako mpya.

Ukinunua hisa, kila kitu kinabaki mahali pake: leseni, TIN (namba ya mlipakodi), EFD, mikataba ya wafanyakazi. Na madeni yote yanabaki pia, yanayojulikana na yasiyojulikana. TRA inaweza kurudi nyuma miaka 5 katika ukadiriaji wa kodi, na zaidi pale penye udanganyifu, na barua itakuja kwa kampuni ambayo sasa ni yako. Zaidi ya hapo, umiliki wa kampuni ukibadilika kwa zaidi ya asilimia 50, sheria ya kodi ya mapato inaihesabu kampuni kama imeuza mali zake, na kodi inaweza kuiangukia kampuni yenyewe. Hili lijadiliwe na mshauri wa kodi kabla ya bei kukubaliwa.

Ukinunua mali, unayaacha nyuma madeni mengi, lakini unaanza upya: TIN yako, EFD yako, leseni kwa jina lako, na idhini za mwenye jina na mwenye nyumba. Kwa mtu anayenunua tawi moja, na vitabu vya muuzaji vina mashimo, mimi ningechagua njia hii hata kama inachelewesha ufunguzi kwa mwezi.

Kwa vyovyote vile, fanya upekuzi rasmi BRELA: wakurugenzi ni nani, hisa ni za nani, na kuna rehani gani imesajiliwa juu ya mali za kampuni. Jenereta na friji unazooneshwa zinaweza kuwa dhamana ya benki. Rehani ya kampuni inatakiwa isajiliwe ndani ya siku 42, kwa hiyo rudia upekuzi siku chache kabla ya kulipa. Omba hati ya ulipaji kodi kutoka TRA, uthibitisho wa michango ya NSSF, ambayo ni asilimia 20 ya mshahara wa kila mfanyakazi, na ya WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Wapigie wasambazaji wakubwa watano uwaulize wanadai kiasi gani.

Leseni hazihitaji maneno mengi. Kwa mgahawa: leseni ya biashara, usajili wa jengo la chakula TBS (shirika la viwango, lililoipokea kazi hiyo kutoka TFDA mwaka 2019), vipimo vya afya vya wafanyakazi, cheti cha Zimamoto, usajili wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na leseni ya vileo kama mnauza. Kituo cha mafuta ni uzito mwingine kabisa, kuna EWURA wa nishati na maji, NEMC wa mazingira, Wakala wa Vipimo na matangi yaliyo chini ya ardhi, na hapo usiingie bila mhandisi.

Wafanyakazi

Msimamizi wa zamu anajua biashara kuliko muuzaji. Ukipata ruhusa ya kuzungumza naye, muulize kwa heshima mashine ipi hufa mara kwa mara, na siku zipi malighafi hukwisha. Pata orodha ya kila mtu: tarehe ya kuanza, mshahara, likizo anazodai, mkopo aliopewa. Kiinua mgongo kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Mkinunua mali tu, kubalianeni kwa maandishi nani analipa stahiki za miaka iliyopita. Hawa ni watu waliojenga foleni uliyoipenda. Wakianza na wewe huku wanadai jasho lao la zamani, huduma itaanguka ndani ya wiki.

Bei, mkataba na siku ya makabidhiano

Anza mazungumzo ya bei baada ya uhakiki. Kila kasoro uliyoipata iwe na namba: ukarabati wa lazima, friji mbovu, malimbikizo ya NSSF, vyote vitolewe kwenye bei. Usilipe yote kwa mkupuo. Malipo ya awali yakae kwa wakili au benki mpaka idhini za maandishi za mwenye jina na mwenye nyumba zipatikane, na zisipopatikana yarudi kwako yote. Zuia asilimia 10 hadi 20 kwa miezi 6 au 12, ili deni likijitokeza lilipwe kutoka humo. Muuzaji aahidi kwa maandishi kutofungua biashara kama hiyo katika eneo na muda uliotajwa wazi, na abaki nawe wiki kadhaa kukuelekeza.

Usiku wa makabidhiano hesabuni stoo pamoja, rafu kwa rafu, boksi kwa boksi, na bidhaa zilizokaribia kuisha muda zisihesabiwe. Pigeni picha mita ya LUKU na ya maji. Chapisheni ripoti ya Z ya mwisho. Badilisha vitasa, nywila za mfumo wa mauzo na za kamera. Kabla mlango haujafunguliwa asubuhi, bandua stika zote za lipa namba, kaunta, mezani, dirishani na kwenye pikipiki za wanaopeleka oda, uweke zako. Kisha tuma shilingi elfu moja kwa kila namba mpya na uone jina linalotokea kwenye simu ni la nani.